Mama, Bibi, Siti: Heshima Iliyogeuka Jina

Mgeni afikaye Idodi, katika njia itokayo Iringa kwenda mbuga ya Ruaha, akiuliza nyumba ya mwanamke kwa jina lake la ubatizo, huenda asionyeshwe. Watu watatazamana. Lakini akisema, "Kwa Mama Neema," hata mtoto mdogo atamfikisha mlangoni. Wahehe, Wabena, Wagogo na Wasangu wanaokaa huku wana desturi zao mbalimbali, ila katika Kiswahili wote wameishika hii moja, ya kumwita mama kwa jina la mtoto wake. Desturi hiyo ni njema, wala hatutaki iondolewe. Twataka kuipima tu, maana pako mahali inapodhuru.

Watu wa pwani walikuwa na majina ya heshima mengi kuliko sisi. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, jina lake ni Kupona. Mwana ni heshima. Leo wengi huandika Mwanakupona, neno moja. Ndivyo yalivyopatikana majina Mwanaisha, Mwanahamisi na Mwanajuma: heshima imegandamana na jina hata mwenye kuitwa hasikii tena kwamba anaheshimiwa. Bibi nalo zamani lilikuwa la mwanamke mwungwana, mwenye nyumba yake; huku kwetu limekuwa la mama wa baba au wa mama, na mwanamke kijana akiitwa hivyo hudhani anacheka­wa uzee. Lakini Bibi Titi Mohamed, alipoanza kuwaongoza wanawake wa TANU mwaka 1955, alikuwa hajatimiza miaka 30.

Hapo mtu aweza kusema: basi heshima humeza jina, na kumeza huko ni hasara. Si hivyo sikuzote. Kule Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, alizaliwa mtoto aliyepewa jina la Mtumwa. Alipokuwa mwimbaji mwenye sifa aliitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mheshimiwa, na kwa jina hilo, Siti binti Saad, alikwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika santuri. Alikufa mwaka 1950, na jina la Mtumwa leo wanalikumbuka wachache. Nani angetamani arudishiwe la kwanza? Kwake yeye heshima haikuficha mtu, ilimfunua.

Na katika Maandiko je? Marta, jina ambalo dada wengi wa kanisa wamebatizwa, katika Kiaramu maana yake ni bibi mwenye nyumba. Nasi twajua ni nani aliyekuwa akihangaika jikoni kule Bethania. Sara ni mwanamke wa kifalme. Kandake wa Matendo ya Mitume, sura ya 8, si jina kabisa: ndivyo walivyoitwa malkia wa Kushi, huyu na wenzake, kama vile Farao alivyokuwa wa Misri. Jina lake mwenyewe Luka hakuliandika.

Neno lililotuvuta zaidi ni Mama. Katika Injili ya Yohana, Bwana Yesu amwita mama yake kule Kana, na Msamaria kisimani, na Mariamu Magdalene kaburini, kwa neno moja la Kiyunani, ambalo maana yake ni mwanamke tu. Waliofasiri Biblia ya mwaka 1952 waliandika Mama katika mahali pote patatu. Walifanya vema, kwa kuwa kwa masikio yetu kumwambia mtu "We mwanamke!" ni mwanzo wa ugomvi. Kisimani tafsiri hiyo imezidi kuwa nzuri: mgeni mwanamume amwita Mama mwanamke ambaye Wayahudi walimdharau. Lakini kule Kana imeficha kitu. Msomaji wa Kiyunani hushtuka kusikia mwana akimwita mamaye kwa neno lisilo la mwana. Msomaji wa Kiswahili hashtuki, aona mtoto mwenye adabu, basi. Tungekuwa sisi wenye kufasiri, tungeliacha vilevile, kwa kukosa neno lililo bora. Ila mwalimu wa Maandiko na awaeleze wanafunzi wake jambo hilo.

Mathayo naye, akiwataja wanawake waliokuwa msalabani, amtaja mmoja kuwa mama wa wana wa Zebedayo: kwa usemi wa Idodi, Mama Yakobo. Marko, katika habari ile ile, ataja Salome, na wengi wadhani kwamba ndiye yeye yule. Kama ndivyo, pasipo Marko tusingelijua jina lake hata leo.

Sasa tutazame vitabu vyetu wenyewe. Katika orodha za sadaka na za vikundi vya akina mama, si ajabu kukuta Mama Neema mara mbili katika ukurasa mmoja, na asiye na mtoto ameandikwa Mke wa Fulani. Mume akifa, je, ataandikwa nani? Hapo si habari ya adabu tena. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yamruhusu mwanamke kuwa na hatimiliki ya kimila ya shamba, peke yake au pamoja na mumewe. Lakini hati yataka jina la mtu mwenyewe, na Neema hakulima shamba lile. Mwenye kushika kalamu aandike Mama, au Bi, kama apendavyo, kisha aulize, "Jina lako nani, mama?" na kungoja jibu. Wako watakaofikiri kidogo kabla ya kulitaja, kwa kuwa hawajaulizwa tangu walipoolewa.