Mbele ya kusoma, muulize mama wa Kituku

Tunasema kila siku: mtu mzima anayejifunza Kifaransa asianze makala kwa sentensi ya kwanza. Apitishe macho kwanza kwenye kichwa, picha, tarehe na majina. Ni kweli kabisa. Francis Robinson wa Marekani alishaandika hivyo mwaka 1946: tazama, jiulize maswali, ndipo usome. Lakini namna tunavyoifanya hapa Goma, mimi siikubali.

Mara nyingi mwalimu anaandika maneno magumu kumi ubaoni, anayatafsiri, kisha anauliza: "Munafikiri makala inasema nini?" Watu wanabahatisha, somo linaendelea. Hakuna anayerudi kuona kama alikisia sawa. Huo ni mchezo tu.

Chukueni habari ya boti iliyotoka Minova ikazama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024. Neno «naufrage» linaweza kuwa geni kwa mama anayeuza samaki pale, lakini ziwa si geni kwake. Anajua kwa nini watu walijaa majini: vita ilikuwa imekata barabara ya Sake. Ukimwanzia na orodha ya maneno, unamfanya mjinga wa jambo analolijua kukupita. Mwanzie na Kiswahili: unajua nini juu ya safari hii? Unataka makala ikujibu nini? Andika maswali yake ubaoni kwa Kifaransa. Maneno mapya yatatoka humo humo.

Kisha macho yaende kwenye tarakimu. Siku zile hesabu ya waliokufa ilitofautiana kutoka tangazo moja hadi lingine. Anayeuliza mapema "nani alihesabu, na lini?" hadanganywi kirahisi. Aliyezoea kukisia kichwa tu, kila uvumi wa WhatsApp utamkamata.

Tena, darasani anaweza kukaa mtu aliyepoteza ndugu siku ile. Kwa hiyo mwalimu naye aitazame makala mbele ya wanafunzi wake, aulize taratibu, na kama kidonda kingali kibichi, alete makala ya bei ya samaki. Njia ni ile ile.

Mwisho wa somo, rudini ubaoni. Swali gani limejibiwa? Lipi makala imelikwepa? Bila hatua hiyo, kutazama makala kabla ya kusoma ni kupoteza dakika kumi za watu waliofunga meza zao sokoni ili waje kujifunza.