Mishale Mitatu Imeamka!

Saa mbili usiku, ndani ya karakana moja ya Industrial Area, Nairobi. Nageuza ufunguo hatua moja tu, injini bado imelala. Juu ya dashibodi kuna nyuso tatu nyeusi tititi, hata huwezi kujua kama zina namba. Kufumba na kufumbua, mwanga mweupe pe! Mishale mitatu inaruka kwa pamoja, inazunguka hadi mwisho wa duara, inarudi, inatulia. Fundi anacheka. Nazima, nawasha tena. Nilirudia mara tano, na ile ya tano ilinisisimua sawasawa na ya kwanza.

Ndizo hizi, jamani: geji za Defi ADVANCE BF, kazi ya kampuni ya Nippon Seiki ya Japani, kila moja kipenyo cha milimita 60. Moja ya turbo, moja ya presha ya oili, moja ya joto la oili. Zimekaa kwenye kasha lenye matundu matatu katikati ya dashibodi ya Subaru Impreza WRX STI yangu, ile ya buluu, na zimelingana na gari utadhani zilizaliwa nalo.

Kwa nini zote hizo? Kwa sababu gari hili lina turbo lakini halikuja na geji ya turbo. Lina injini ya kukimbia, lakini habari za oili yake hupewi. Unachopewa ni taa nyekundu. Sasa sikiliza: swichi ya taa ile kwenye injini hizi za EJ huamka presha ikishuka hadi kama kilopaskali 15. Kitabu cha fundi kinataka angalau 98 injini ikiwa ya moto na hujakanyaga mafuta, na 294 kwenye mizunguko 5,000. Hapo katikati, kutoka 98 hadi 15, taa imenyamaza kimya. Unaweza kuwa unaendesha huku beringi zinasagana, na dashibodi haina neno.

Kazi ilianza saa nne asubuhi. Tulifungua filta ya oili, tukapachika sahani ya alumini kati yake na injini. Sahani hiyo ina matundu ya kufungia sensa. Fundi wangu, mzee wa mikono mitulivu ajabu, alizungusha tepu kwenye nyuzi za sensa akaacha mbili za mwanzo zikiwa tupu. Nikamuuliza sababu. "Kijana, kipande cha tepu kikiingia kwenye njia ya oili, umeua injini kwa senti kumi." Sensa ya presha, ambayo ni nzito, hakuiacha ining'inie kwenye injini. Aliifunga kwenye bodi na kuiunganisha kwa mpira wa presha, maana mtikisiko huvunja shingo yake, na shingo ikivunjika oili yote iko barabarani.

Ya turbo ilikuwa rahisi: unakata mpira mmoja unaotoka kwenye manifoldi, unaweka kiungo cha T, sensa inapima na kupeleka ndani habari kwa waya. Hakuna mpira unaoingia kwenye kabini! Geji yangu ya zamani ilikuwa ya mpira. Niliipenda kwa jambo moja: nikishuka Mombasa na gari likisimama linanguruma taratibu, mshale ulizama chini zaidi kuliko Nairobi, kwa kuwa hewa ya pwani ni nzito na huku juu, karibu mita 1,800, ni nyepesi. Lakini mpira ule ulikauka ukapasuka.

Kisha nyaya. Turbo ya Subaru hii iko kulia, upande wa dereva, kwa hiyo kila waya ulipitishwa mbali na joto lake, ukavishwa ala, ukaingia kwenye tundu lenye mpira la ukuta wa injini. Umeme wa betri, umeme wa swichi, umeme wa taa na ethi. Hapo ndipo uzuri wa mfumo huu unapoonekana: geji ya kwanza inaunganishwa na kisanduku cha kuongozea, ya pili inaunganishwa na ya kwanza, ya tatu na ya pili, hadi saba ukitaka. Nyuma ya dashibodi ni safi kabisa.

Jumapili alfajiri nikatoka na gari. Wakati wa kuwasha, oili ikiwa baridi, presha ilipanda hadi 600! Nilipofika Kangemi mshale wa maji wa kiwandani ulikuwa katikati, kama kawaida yake, unaniambia gari limepata moto. Joto la oili? Nyuzi 55. Miaka yote nimekuwa nikikanyaga mafuta pale Kangemi! Nikatulia. Nilipofika Kikuyu ilisoma 80, ndipo nikakanyaga mafuta, na mshale wa turbo ukaruka kupita 100 huku mgongo wangu ukibanwa kitini. Raha iliyoje kuiona nguvu unayoisikia!

Nilishuka Mai Mahiu, nikageuza, nikapanda tena ukingo wa Bonde la Ufa. Oili ilifika nyuzi 108. Juu kabisa nikakwama nyuma ya malori, injini ya moto ikinguruma taratibu, presha 130. Roho ikatulia tuli. Nikaegesha, nikazima injini, nikabonyeza kitufe cha kurudia, na mishale yote mitatu ikacheza upya sehemu ya mpando niliyoirekodi, gari likiwa kimya. Watoto waliokuwa wakiuza matunda wakasogea dirishani wakashangaa nami.

Kasoro? Namba ziko kwa kilopaskali, na vijana wengi wa Nairobi huzungumza PSI. Zoea kugawanya kwa saba. Kisanduku cha kuongozea nacho kinadai mahali pake, kwa hiyo amua utakificha wapi kabla hujafungua skrubu ya kwanza.

Nazipa alama zote. Na wewe mwenye gari la turbo, najua macho yako yatakimbilia geji ya turbo kwanza. Kama mfuko unatosha geji moja tu, anza na ya presha ya oili.