Nani Mtoto? Upimaji wa Miili na Sauti ya Watumishi katika Maandishi ya Elisabethville

Ukaguzi wa afya ya watoto wa shule haukuwa suala la tiba peke yake. Brussels iliweka madaktari wa shule mwaka 1874. Uingereza ikautungia sheria mwaka 1907, baada ya Vita vya Makaburu kudhihirisha udhaifu wa vijana wengi waliojitokeza kuingia jeshini. Nyuma ya mizani ya daktari palikuwa na swali jingine: mwili huu utamfaa nani?

Swali hilo lilikuwa kali zaidi Elisabethville, mji ulioanzishwa mwaka 1910 na kuitwa Lubumbashi tangu 1966. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Watoto wachanga walipimwa uzito, na wakubwa walisomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, kwani mtoto wa kambini alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kesho. Hata hivyo Léopold Mottoulle, daktari aliyesimamia sera hiyo, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1946 kwamba Waafrika wana roho za kitoto. Hapa pana ukinzani mkubwa: mtoto anatazamwa kama mfanyakazi, na mfanyakazi mwenye mvi anatazamwa kama mtoto.

Ukinzani huo ndio unaoipa uzito *Vocabulaire de Ville de Elisabethville*, historia ya mji iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Jina lake ni la Kifaransa, lakini matini ni ya Kiswahili cha Katanga, na wenyewe ni watumishi wa zamani wa nyumbani. Hao ndio walioitwa "boyi", neno la mtoto wa kiume lililobandikwa watu wazima. Katika matini hii macho yamegeuzwa. Aliyezoea kukaguliwa sasa anamkagua bwana wake: anamtaja, anamhukumu na kumwekea mahali pake katika historia. Tahajia yake isiyo na kanuni, iliyomlazimu Fabian kuomba matini isomwe kwa sauti ili ieleweke, haifai kuhesabiwa kuwa kasoro. Ni alama ya watu walioandika bila kusubiri kusahihishwa.

Pamoja na hayo, matini hii isichukuliwe kuwa sauti ya wote, kwani ni kauli ya wanaume watu wazima. Mtoto aliyesimama juu ya mizani hasemi katika kitabu cha Mottoulle, wala si yeye msimulizi kwa Yav. Mhakiki anayeridhika na rejista za madaktari atapata kilo bila mtu; anayeridhika na Yav peke yake atapata heshima ya baba, huku mwana akibaki kimya. Kazi iliyobaki ni kuusoma ukimya huo.