Kioo Kinachojibu

Fundi aliketi barazani Kibokoni, mgongo ameupa upepo wa kusi, ndoo ameipindua mbele yake iwe meza ya mashine. Kwanza aliuvisha unyuzi kikoba chake cha plastiki. Anayekisahau hukikumbuka kazi imekwisha, na hapo hana budi kukata na kuanza upya. Kisha akauambua. Unyuzi wa faiba ni kioo chenye unene wa mikromita 125, mithili ya unywele, na juu yake pana ngozi laini ya rangi inayomwambia fundi huu ni wa buluu, ule ni wa chungwa. Kitambaa kilicholowa spiriti kikapita mara moja, mara mbili, hadi kioo kikalia: kwii. Kichafu hakilii, aliniambia.

Kukata ndiko kulikoniweka pale asubuhi nzima. Wembe hukikwaruza kioo tu; kisha kioo hupindwa kidogo, kikajipasua chenyewe, uso ukawa bapa. Uso ukienda upande kwa zaidi ya digrii moja, hutupwa. Kila kibanzi alikitia chupani, hata nisichokiona mimi, kwa maana kikiingia kidoleni hakitoki kwa urahisi.

Bibi wa nyumba akachungulia dirishani.

“Mwanangu, uzi mwembamba hivyo wapitisha nini?”

“Mwanga, bibi.”

“Mbona siuoni?”

“Huu hauonekani kwa macho, bibi.”

Alisema kweli. Mwanga wa faiba umepita wekundu wa mwisho ambao jicho linaweza kuuona, nao husafiri katika kiini cha unyuzi chenye upana wa mikromita 9 tu. Viini viwili vya namna hiyo ndivyo alivyotakiwa kuvikutanisha. Mashine ikavilenga, cheche ya umeme ikaruka, kioo kikayeyuka na kushikana. Kiooni pa mashine pakaandikwa hasara: desibeli 0.02. Seremala wa Mji wa Kale huchonga mlango ili wapitao wasimame wautazame. Huyu hufurahi mwanga ukipita pale alipounga bila kuhisi kitu.

Unyuzi wa namna hiyo ndio ulio ndani ya kebo ya baharini ya TEAMS, kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, iliyozinduliwa Mombasa Juni 2009. Mwaka huohuo Charles Kao alipewa tuzo ya Nobel kwa hoja aliyoitoa 1966, kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kitabeba mawasiliano mbali sana. Kioo cha leo hupitisha mwanga kilomita 15 ndipo nusu yake ipotee. Februari 2012 nanga ya meli iliikata kebo ya TEAMS karibu na Mombasa, na kuunga huku kukafanywa melini, juu ya mawimbi.

Lakini kioo, hata kiwe safi namna gani, hakikai kimya kikipitiwa na mwanga. Mwaka 1970, huko Marekani, Robert Alfano na Stanley Shapiro walipitisha mipigo mifupi ya leza ya kijani ndani ya kioo, na upande wa pili ukatoka mwanga mweupe, wenye rangi ambazo hazikuingia. Fikiria zefe ya Maulidi ikipita Ndia Kuu. Katikati, penye matwari na umati, mwendo ni wa polepole. Walio mbele wanatangulia, nafasi baina yao inapanuka. Walio nyuma wanaufikia umati, wanabanana. Ndivyo ilivyo kwa mpigo: katikati yake ndipo mwanga ulipo mkali kupita kiasi. Ukali huo hukibadili kioo kwa kitambo kile kile, na kioo kilichobadilika huuchelewesha mwanga kidogo zaidi. Mawimbi ya mbele yanaachana, yanaelekea wekundu. Ya nyuma yanasongamana, yanaelekea buluu. Siku hizi mipigo ya femtosekunde 100 hutumiwa kutoa mwanga huo mweupe. Ndani ya kioo mpigo kama huo una urefu wa mikromita 20 hivi, haufiki unene wa unyuzi alioushika fundi.

Maabara huupenda utanukaji huo wa rangi. Wenye kebo huuogopa. Kiini ni chembamba mno, kwa hiyo hata mwanga hafifu husongwa ndani yake. Na maelfu ya kilomita huyajumlisha majibu madogo ya kioo hadi rangi moja ya mwanga, kati ya zile zinazopita pamoja katika unyuzi, ikaiingilia ya jirani. Ndiyo sababu kila rangi hupewa nguvu ya miliwati moja au mbili hivi, isizidi. Kwa mwanga mdogo namna hiyo, kila maungio huhesabiwa, na sasa naelewa kwa nini yule fundi alikata mara tatu unyuzi ambao machoni pangu ulikuwa sawa tangu mara ya kwanza.

Alikisogeza kikoba juu ya maungio, akakipasha moto kikabana, akauzungusha unyuzi wa buluu ndani ya kisanduku taratibu, bila kuukunja. Akaupangusa wembe. Akauvuta wa chungwa.