Sikiliza Ukiwa Nyuma: Namna ya Kupima Mitambo ya Muziki Gumbo

Mnunuzi wa mitambo ya muziki huanza na swali moja: ina wati ngapi? Muuzaji analijua swali hilo, na ndiyo sababu namba kubwa huandikwa mbele ya boksi. Kwa mwenye ukumbi, kanisa au bendi ya Gumbo, jirani na Juba, Sudan Kusini, swali hilo linapoteza fedha. Mtambo mzuri ni ule unaomfikishia maneno mtu aliyesimama mwisho kabisa, tena wakati umeme unatoka kwenye jenereta. Wati, ukubwa wa boksi na mtikisiko wa besi vipimwe baada ya hapo.

Tuanze na wati zenyewe. Kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu, tuseme kutoka wati 500 hadi 1000, huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kushangaa. Kinachoamua zaidi ni wepesi wa spika, yaani kiasi cha sauti inachotoa kwa wati 1, ukipima umbali wa mita 1. Namba hiyo imo kwenye karatasi ya vipimo na wanunuzi wachache huiulizia. Spika yenye wepesi wa desibeli 98 ikipewa wati 300 hufikia karibu desibeli 123. Yenye wepesi wa 92 ikipewa wati 1000 hufikia 122. Ndogo imeishinda kubwa, na jenereta imepumzika. Uliza pia kama wati zilizoandikwa ni za kudumu au za kilele, kwa maana nguvu ya kilele hudumu kitambo kidogo mno, nayo ndiyo hupambwa kwenye boksi. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha karatasi ya vipimo amekwisha kukujibu.

Umbali nao hauna huruma. Kwenye uwanja wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, hivyo kutoka mita 1 hadi mita 32 zimeshapotea desibeli 30, na kuzirudisha kwa nguvu peke yake kungehitaji wati mara 1000. Anayejaribu huwaumiza walio mbele huku wa nyuma wakibaki na njaa. Shirika la Afya Duniani, katika viwango vyake vya 2022 vya kumbi na shughuli za muziki, limeweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Dawa ni kuinua spika juu ya vichwa vya watu, kuziinamisha kidogo kuelekea hadhira, na kuweka jozi ya pili katikati ya uwanja. Jozi hiyo icheleweshwe kwenye miksa: katika joto la nyuzi 35 sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 35 mbele ya jukwaa isubiri sehemu ya kumi ya sekunde, la sivyo kila neno litasikika mara mbili. Miksa isiyo na uwezo wa kuchelewesha sauti haifai kwa uwanja mkubwa.

Kwa nini maneno yatangulie? Gumbo, ng'ambo ya mashariki ya Mto Nile kwenye barabara ya Nimule, ni mahali ambapo mtambo uleule hutakiwa kubeba kwaya Jumapili, harusi Jumamosi na mkutano wa hadhara katikati ya wiki. Wasikilizaji wanaelewana kwa Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kiswahili na Kiingereza. Katika Kidinka, urefu wa irabu una ngazi tatu, na ubora wa sauti ya koo, iwe yenye pumzi au kavu, hubadilisha maana. Ukumbi wa kuta tupu na paa la mabati hurudisha mwangwi unaorefusha irabu zote sawasawa, na spika iliyolemewa huongeza mkwaruzo palipotakiwa pumzi. Konsonanti nazo hutegemea sana eneo la mizunguko 2000 hadi 4000 kwa sekunde, ambalo spika hafifu huliharibu mapema. Ndani ya ukumbi kama huo, spika zinazoelekeza sauti kwa watu na kuepuka mabati hufaa kuliko zinazoitawanya kila upande, na mapazia mazito au mikeka ukutani ni nafuu kuliko amplifaya ya pili.

Umeme ndio mtihani unaofuata. Besi inapogonga, jenereta ndogo hushuka volti, na amplifaya isiyovumilia hukatika katikati ya wimbo. Chagua yenye kustahimili volti kati ya 100 na 240. Taa na mafeni yatumie laini nyingine ili mlio wa umeme usiingie kwenye spika. Nyaya za maiki ziwe za pini tatu, kwa kuwa hupunguza kelele hata zikiwa ndefu. Na mlio usiondolewe kwa kukata waya wa ardhi: mtambo ukipata hitilafu, mwimbaji aliyeshika maiki ndiye atakayebeba umeme.

Wapo watakaosema vijana hawaji kusikiliza konsonanti, wanakuja kucheza, na pasipo besi hakuna dansi. Ni kweli, na besi nzuri ina thamani yake. Lakini besi ndiyo inayokula nguvu nyingi zaidi, kwa hiyo inunuliwe mwisho na ipewe amplifaya yake, ili ikielemewa isimvute mwimbaji pamoja nayo. Kila maiki ya mwimbaji ikatwe besi chini ya mizunguko 80 au 100. Hapo ngoma husikika safi, na maneno pia.

Wengine watasema fundi mitambo hodari hushinda kifaa chochote. Fundi huondoa makosa mengi, ila hawezi kuongeza kilichokosekana kwenye spika. Hesabu mshahara wake kama sehemu ya bei, sawa na vipuri. Kwa kuwa bidhaa nyingi za Juba hupitia Nimule kutoka Uganda, uliza kama fundi wa Kampala anaweza kutengeneza mitambo ya jina unalonunua na kama spika inaweza kubadilishwa koili. Jina kubwa lisilo na vipuri ni mzigo, na maiki ya bandia yenye jina maarufu ni mzigo zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, fanya jaribio hili. Washa jenereta utakayotumia, weka mtambo mahali pake, mpe mtu asome majina 20 usiyoyajua, kwa lugha mbili, huku besi ikipigwa. Wewe simama mstari wa mwisho na uyaandike. Kisha sogeza maiki mbele ya spika na uone inapoanza kupiga mluzi. Ukikosea majina zaidi ya mawili, usinunue, hata kama wati ni elfu kumi. Na kama shughuli zako ni chache kwa mwaka, kodi, ukitumia jaribio hilohilo kwa anayekodisha.