Wingu ni Dalili, Si Kioo



Ipo tabia moja katika uhakiki wa fasihi yetu ambayo imekuwa ikinikera kwa muda, nami naona bora niitoe hapa tuijadili kuliko kuendelea kunung'unika peke yangu. Ni hii ya kusoma kila mvua, kila upepo na kila giza katika riwaya au shairi la Kiswahili kana kwamba ni moyo wa mhusika uliotundikwa angani. Mvua ikinyesha, mhakiki anaandika "huzuni". Radi ikipiga, "hasira". Jua likichomoza, "matumaini". Wanafunzi wanaikariri orodha hii kama jedwali la kuzidisha, na wengi wanapata alama nzuri kwayo. Mimi nasema inatupotosha, manake imetungwa katika nchi nyingine, chini ya mawingu mengine.

Hebu tuanze huko ilikotoka. Mwaka 1856 Mwingereza John Ruskin, katika juzuu ya tatu ya Modern Painters, aliipa jina mbinu hii ya kuyavisha maumbile hisia za binadamu. Watu husahau kwamba jina lenyewe lilikuwa la lawama: Ruskin aliiona kuwa aina ya upotofu. Mtu aliyezidiwa na majonzi huiona bahari kuwa katili, na hapo anatueleza habari za moyo wake, si habari za bahari. Mshairi mkubwa, kwa Ruskin, ni yule anayehisi sana na bado akaona sawasawa. Lawama hiyo leo imegeuka somo la darasani, na inafundishwa kama ufundi tu.

Na hata huko Ulaya kioo hakitoshi. Chukueni King Lear. Mfalme mzee amefungiwa milango na binti zake, yuko nje usiku katika dhoruba. Ni kweli kwamba dhoruba ya nje inafanana na ile iliyo kichwani mwake, na Lear mwenyewe anaijua. Lakini mvua ile inafanya kazi nyingine. Inamlowesha. Inamtia baridi, na kwa mara ya kwanza anawafikiria maskini wasio na paa, ambao hakuwajali alipokuwa na taji. Au chukueni The Tempest, ambayo S. S. Mushi alitupatia kwa Kiswahili kwa jina la Tufani mwaka 1969. Dhoruba ya mwanzo si taswira ya hasira ya Prospero tu. Ni kitendo chake. Ameiagiza, ana shabaha nayo, na wanaopigwa nayo ni maadui zake. Kusema "dhoruba inaakisi hasira" ni kuishia mlangoni.

Na jua je? Kwa mtu wa London, jua ni habari njema. Albert Camus alizaliwa Algeria, na katika L'Étranger (1942) jua la ufukweni ndilo linalomkandamiza Meursault mpaka anaua. Mahakamani anasema ilikuwa kwa sababu ya jua, na watu wanacheka. Anayetembea na ile orodha mfukoni hana pa kuliweka jua hilo.

Sasa turudi kwetu. Mwaka wa pwani ulipangwa na pepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, ilileta majahazi kutoka Ghuba, Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikaja kuyarudisha. Katikati ikaingia masika. Kwa hiyo upepo, kwa mtu wa Mombasa au Unguja, haukuwa kwanza picha ya hali ya nafsi. Ulikuwa ratiba. Ulijua nani atafika, nani ataondoka, deni gani litalipwa na ndoa gani itavunjika. Hisia zipo, tena nzito, lakini zimefungwa kwenye kungoja na kuagana. Mke hatazami bahari iliyochafuka akaona huzuni yake mle; anatazama upepo ukigeuka na kujua kwamba mume anasafiri. Upepo wenyewe unaweza kuwa mzuri, anga safi kabisa, na hapo ndipo uchungu ulipo.

Hili ndilo linalonivutia katika By the Sea ya Abdulrazak Gurnah (2001). Riwaya imeandikwa kwa Kiingereza, lakini hewa yake ni ya kwetu. Hussein, mfanyabiashara kutoka Bahrain, anakuja na upepo wa msimu kama walivyokuja maelfu kabla yake. Anamwachia Saleh Omar udi, na pamoja nao anamwachia mkopo na hati ya nyumba ya watu wengine. Maisha ya familia mbili yanaharibika. Upepo ule hauna kosa wala hauna hasira. Umefanya kama ulivyofanya kila mwaka kwa karne nyingi. Balaa limekuja limepanda chombo. Tangu Gurnah apewe Nobeli mwaka 2021 wasomaji wapya wameongezeka, na ninaogopa kwamba watazisoma pepo hizi kama mapambo ya mandhari.

Tazameni pia jadi ya ushairi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ina yapata miaka 200. Nyumba za matajiri wa Pate zimekuwa magofu: makinda ya popo yananing'inia, na katika madaka yaliyopangwa sahani za kauri sasa wanalala ndege. Mshairi wa Kimapenzi wa Ulaya angewafanya ndege wale walie pamoja naye. Hapa hawalii. Wamepata pa kulala, basi. Kutokujali kwao ndiko kunakomchoma msomaji, manake shairi ni mawaidha: moyo unaambiwa utazame uzingatie, hauambiwi ujitazame. Mkiwatia ndege hao huzuni, mmelitoa shairi meno yake.

Na ipo njia ya tatu, ile ya fumbo. Abdilatif Abdalla alifungwa kisiasa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972, na tungo za kifungoni zikatoka mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Mna shairi la mamba anayejiona hashindiki. Je, mamba huyo ni taswira ya hofu ya mfungwa? Sivyo. Ni maneno yanayotumwa kwa mtu fulani, na aliyetumiwa anajua. Maumbile hapo ni bahasha. Ukiyasoma kama kioo cha nafsi, umeigeuza siasa kuwa majonzi ya mtu mmoja, na mwenye mamlaka ametoka salama. Hili si jambo dogo.

Najua nitaambiwa kwamba waandishi wetu wa kisasa wamesoma vyuoni, wamewasoma Wazungu, na wanaitumia mbinu ya kioo kwa makusudi. Ni kweli, na pale walipoitumia tuseme hivyo. Ninachokataa ni kuanza nayo. Niliwahi kusahihisha insha moja ambamo mvua ya mwisho wa hadithi ilitajwa kuwa "machozi ya kijiji". Ndani ya hadithi hiyo hiyo wakulima walikuwa wameingoja mvua ile kurasa nzima! Mwanafunzi hakuwa mjinga. Alizaliwa ughaibuni, kwake mvua ni kero ya kwenda shule. Masika ameyajua kwenye kamusi. Hapo wa kuulizwa ni sisi tunaomfundisha, na sisi wazazi pia, tuliowapa watoto maneno ya majira bila majira yenyewe.

Kwa hiyo napendekeza, kabla ya kuandika "huzuni" pembeni mwa ukurasa, tuulize mambo machache ya kawaida. Huu ni msimu gani? Nani alikuwa akiingoja hali hii, na itamletea nini au itamwondolea nani? Na je, anayesema habari za wingu anamwambia nani? Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema wingu lina majonzi. Kwao mbingu zilikuwa za kusomwa, na anayekosea kuzisoma alilala njaa au alizama.

Mifano yangu ni ya pwani, nalijua hilo. Wenzangu wa Ukerewe na Bukoba wana ziwa lisilongoja kusi wala kaskazi, na wa Kongo wana misitu na mito yao. Kezilahabi, kwa mfano, sidhani kama anaingia vizuri katika haya niliyoyasema juu ya pepo. Wenye kuyajua maji hayo watuambie, na wenye kunipinga wanipinge kwa mifano.