Namna ya Kumpima Mpiga Gitaa Mkali wa Kihonda

Kaa na wazee wa muziki wa dansi Kihonda, Morogoro, jioni moja, hutakosa kusikia hukumu: Bongo Fleva ni kelele za kompyuta, na vijana wa leo hata kukaza nyuzi hawajui. Mzee wa namna hiyo usimkimbie, wala usimwamini kwa mvi zake. Mpe shikamoo, mwombe apige, kisha mpime.

Ridhimu. Mgeni wa dansi hukimbilia solo. Mjuzi husikiliza kwanza ridhimu, mkono unaorudia pigo lilelile wimbo mzima bila kuwahi wala kuchelewa. Anayeidharau ridhimu ana madoido, hana msingi.

Chemko. Wimbo huanza taratibu ili maneno yasikike, ndipo uchemke. Fundi hupandisha moto bila pupa. Sikiliza rekodi za Morogoro Jazz, kisha za Super Volcano. Katika bendi hizo Mbaraka Mwinshehe aliimba na kupiga solo mwenyewe, lakini gitaa lake halimezi sauti yake. Linamjibu, kisha linampisha.

Sikio. Redio Tanzania ilirekodi bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Mmoja akiteleza, kazi ya wote imeharibika. Ukali wa wazee wengi una mzizi hapo. Kwa hiyo sikiliza anavyogomba: fundi hutaja kosa, kwamba umewahi, au uzi wa pili umelegea. Asiyetaja kosa anatukana tu.

Kumbukumbu. Hapa ndipo wakali wengi huanguka. Salum Abdallah, nguli mwingine wa Morogoro, bendi yake iliitwa Cuban Marimba, na santuri za Kuba zilikuwa zimemkolea. Gitaa la umeme nalo lilikuja likiwa jambo geni. Dansi ililelewa na vijana waliochukua ya mbali wakayafanya yao. Mzee akimlaumu kijana kwa kuimba ovyo, ana haki. Akimlaumu kwa sababu tu ametumia kompyuta, amesahau alikotoka.

Hukumu yangu ni hii: ridhimu, chemko na sikio vikitimia, vumilia maneno yake, keti ujifunze, hata kama kumbukumbu yake ina upendeleo. Akibaki na ulimi tu, mlipie soda, muage kwa adabu, katafute mwalimu mwingine.